Mtihani wa Mshumaa Nyumbani kwa Mama Oliva

Nyie mliozaliwa mkakuta tochi iko tayari ndani ya simu, kaeni pembeni kidogo. Leo naongea na wenzangu, wale ambao umeme ukikatika mtaa mzima ulisema "Aaaah!" kwa pamoja, halafu kila mama akaita jina la mtoto aliye karibu na kiberiti. Sisi wa Mtwara tunajuana. Enzi zetu umeme ulikuja kwa hiari yake na ukaondoka kwa hiari yake, na hakuna aliyehangaika kuuliza utarudi lini. Ukirudi mnashangilia, ukiondoka mnashika mshumaa, na ugali wa muhogo unaliwa vilevile.

Kwetu ilikuwa Chikongola. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa Songea aliyehamishiwa huku akakolea, na Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto wa kwanza alikuwa dada yangu Oliva, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama yetu Mama Oliva. Mimi nilikuwa kitinda mimba, yule anayetumwa na kila mtu na asiyeulizwa lolote. Tuliishi pia na Shangazi Tekla, dada yake Baba, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja kabla mimi sijazaliwa na akawa hajaondoka mpaka mimi nasoma darasa la nne. Kati ya Shangazi na Mama, wifi kwa wifi, palikuwa na upendo wa kuchokozana asubuhi mpaka jioni.

Sasa, wengine walikulia kwenye nyumba zenye sheria za meza au sheria za kurudi nyumbani. Sisi tulikuwa na sheria za mshumaa. Na Mama alizifundisha kama hesabu za kuzidisha, kwa kukariri, na ole wako ukosee mbele ya wageni.

Kwanza, mshumaa haukuwekwa juu ya kabati. Joto la Mtwara mnalijua, ukiuacha juu ya kabati mchana mmoja tu unaukuta umeinama kama unasujudu. Mama aliifunga mishumaa kwenye nailoni akailaza sakafuni, ubavuni mwa mtungi wa maji, mahali penye ubaridi. Pili, kabla ya kuwasha, utambi unapunguzwa kwa ukucha. Utambi mrefu, alisema Mama, ni mtu wa maneno mengi: moshi tele, na nta inaliwa bure. Tatu, unadondosha nta kidogo katikati ya bakuli la bati, unaubandika mshumaa usimame wima, halafu unamimina maji kuuzunguka. Ukidondoka, unadondokea majini. Ukisahauliwa ukaungua mpaka chini, unafia majini. Nne, haukai dirishani, kwa sababu upepo wa baharini unauinamisha mwali, na mshumaa ulioinamishwa mwali unalia upande mmoja mpaka uishe. Tano, nyuma yake panasimamishwa kioo, kile cha kujitazamia, ili mshumaa mmoja ufanye kazi ya miwili.

Halafu ile iliyokuwa kubwa kuliko zote: mshumaa na pazia ni maadui, mshumaa na chandarua ni maadui zaidi, na mtu wa mwisho kutoka chumbani ndiye anayeuzima. Hiyo Mama hakuisema kwa utani. Mtaa wa nyuma yetu iliwahi kuungua nyumba kwa sababu ya mshumaa uliowekwa juu ya kigoda karibu na chandarua. Watu walitoka salama, Mungu alisaidia, lakini kitanda, nguo, mikeka na sare za shule za watoto viliisha vyote. Mama alikwenda na ndoo ya maji akarudi ananuka moshi, akakaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka alipoitwa kula. Nilimwogopa siku ile, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Kwa hiyo waliomwita bahili wa mishumaa walikosea nusu. Nusu nyingine walipatia.

Maana ubahili ulikuwepo jamani. Usiku wa giza nyumba nzima iliwaka mshumaa mmoja tu, na sote tulikaa kuuzunguka. Oliva anachambua mchele, mimi nafanya kazi ya shule, Baba anasoma gazeti alilokwisha kulisoma, na Shangazi anasimulia habari za watu wa Songea ambao sisi hatukuwajua lakini tuliwacheka. Ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, inapita kwenye ungo. Ukitaka kwenda chooni, unakwenda kwa kupapasa ukuta. Ukiomba mshumaa wa pili, Mama anakuuliza kama wewe ni askofu.

Na kuzima? Kuzima ndiko kulikokuwa na elimu. Mshumaa kwetu haukupulizwa. Ukiupuliza, nta ya moto inaruka, moshi unajaa chumba, na utambi unaendelea kuwaka kimyakimya kichwani. Kwetu ulifunikwa na kikombe cha bati, taratibu, mwali ukakosa hewa ukajizimia wenyewe. Kilichobaki kinahifadhiwa. Hata matone yaliyoganda pembeni ya bakuli yalikwanguliwa na sisi watoto, na likizo ikifika tulitengeneza mishumaa yetu. Kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, siyo kopo juu ya moto wazi, hilo Mama alilisimamia mwenyewe. Tulikata bua la jani la mpapai, ambalo ndani ni tundu tupu, tukapitisha uzi wa pamba uliosokotwa, tukamimina nta. Ikiganda unalichana bua, unapata mshumaa wa kijani kijani wenye harufu ya papai. Mibaya kwa sura, lakini iliwaka.

Likizo moja nta haikutosha, na sisi watoto wa mtaa tukashauriana tuiongezee mafuta ya maganda ya korosho. Yale meusi, yanayounguza ngozi. Tulifikiri, yanawaka, ni ya bure, na msimu wa korosho yako kila uani, kwa nini watu wazima hawajaligundua hili? Tuliligundua sisi. Mshumaa ule ulipowashwa ulitema cheche, ukatoa moshi mweusi, na familia nzima ikakimbilia uani inakohoa na kulia machozi. Jirani yetu Bi Somoe, mwenyeji wa Mikindani, alichungulia kutoka kwake akauliza kama kuna msiba. Kilichofuata baina ya Mama na sisi hakihitaji kusimuliwa, kila aliyelelewa zama zile anakijua.

Bi Somoe huyo ndiye aliyekuwa akisema kwamba kwa Mama Oliva mshumaa una adabu kuliko watoto. Shangazi Tekla naye hakuacha. Mama akigeuka tu, Shangazi anauchukua mshumaa, anaubembeleza kama mtoto mchanga, anaupigapiga mgongoni ucheue. Siku nyingine anausugua kisogoni mwake, anasema kwa sauti ya Mama kabisa kwamba mshumaa mpya lazima upewe kwanza joto la kisogo, la sivyo utapasuka. Tulicheka mpaka tukalala chini. Mama alikuwa akisikia kila kitu kutoka jikoni, na alisema tu kwamba wifi yake akifa atazikwa gizani.

Sasa basi. Mwanamke anayeheshimu mshumaa namna ile alifika mahali akawa anapima watu kwa mshumaa. Sitanii. Alikuja kijana mmoja kutoka Masasi kumtaka Oliva, ana kazi nzuri, ana viatu vya kung'aa, anaongea kwa mpangilio. Umeme ukakatika, mshumaa ukaletwa, maongezi yakaenda vizuri. Wakati wa kuondoka akajifanya msaidizi, akainama akaupuliza mshumaa kwa pumzi yote aliyopewa na Mungu. Nta ikaruka ikatua juu ya vitambaa vya kufuma ambavyo Mama alivifuma kwa mkono wake. Kijana wa watu akaaga, na mlango ulipofungwa Mama akatoa hukumu.

"Anapuliza. Na nyumba ataipuliza hivyohivyo."

Habari za yule wa Masasi zikaishia hapo. Oliva hakusikitika, maana yeye hakumtaka yule kijana tokea mwanzo. Lakini kisa kile kilimwachia hofu, kwa sababu kulikuwa na mwingine, na huyo ndiye Oliva aliyemtaka kwa moyo wake wote.

Huyo mwingine aliitwa Damiani. Mtoto wa Newala, mrefu, mweusi, mpole, na kazi yake, sikieni vizuri, ilikuwa ufundi umeme hapahapa mjini. Mama aliposikia alicheka peke yake jikoni. Mtaa mzima unakaa gizani, akasema, na mwanangu ananiletea fundi umeme! Baba akasema kazi ni kazi. Mama akasema sawa, aje kujitambulisha, tumwone. Alivyosema lile "tumwone", Oliva alijua ni mtihani, akaenda chumbani kulia. Nilimkuta amejifunika kanga kichwani. Aliniambia kama Mama atamkataa Damiani, yeye hataolewa tena na mtu yeyote, ataingia utawa. Mimi nilikuwa mdogo, nikaanza kulia naye, maana nilijua watawa hawarudi nyumbani kupika ming'oko.

Shangazi Tekla ndiye aliyetukuta. Akasema machozi ya nini wakati mtihani wenyewe maswali yake yanajulikana? Kwa desturi shangazi ndiye mwenye ruhusa ya kuzungumza na mchumba, kwa hiyo kesho yake akajifunga kitenge chake kizuri akaenda kumfundisha Damiani sheria zote za mshumaa, kuanzia ukucha wa utambi hadi kikombe cha bati. Alikaa huko mchana kutwa. Aliporudi alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo, ningekuwa na akili kidogo zaidi, ningeiogopa.

Siku ya ugeni ikafika. Damiani alikuja na mjomba wake, mzee mfupi mwenye kofia, kwa sababu kwao Newala mjomba ndiye mwenye mtoto. Shikamoo zikapita, habari za safari zikapita, chakula kikaja, na umeme siku hiyo ulikuwa unawaka vizuri tangu asubuhi bila hata kupepesa. Niliona Oliva anaanza kupumua. Mama akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Kidogo tu, pu, giza.

Hakuna aliyesema "Aaaah". Sisi wote wa nyumbani tulijua mtihani umeanza. Mama akarudi kwa haraka, jambo la kwanza akavuta pazia, nikadhani ni kwa sababu ya upepo. Pazia letu lilikuwa jepesi, mwanga kutoka nje ukapenya kidogo, tukawa tunaonana kama vivuli. Mama akamkabidhi Damiani mshumaa mpya, bakuli, na kiberiti, akasema kwa upole mkubwa sana, baba, hebu tusaidie, sisi wanawake tumechoka.

Damiani akasimama. Akaushika mshumaa kwa mikono miwili. Halafu, mbele ya Baba, mbele ya Mama, mbele ya mjomba wake, akauinua na kuusugua kisogoni mwake, kulia, kushoto, kwa utulivu wote wa mtu anayefanya ibada.

Nilisikia Shangazi Tekla akiuma kanga yake.

Pangeishia hapo, tungesema ni aibu ya mtu mmoja. Lakini mjomba, mzee wa watu, alimtazama mpwa wake, akaona bila shaka hii ndiyo desturi ya nyumba hii, na mgeni hapaswi kudharau desturi ya wenyeji. Akavua kofia. Akanyoosha mkono akaomba mshumaa, akausugua na yeye kisogoni, akaurudisha kwa heshima akisema "Ahsanteni." Hapo Baba yangu, karani wa bandari, mtu makini asiyetaka mgeni wake aonekane mjinga, akaupokea akausugua na yeye. Halafu akampa Mama.

Mama aliushika ule mshumaa. Alimtazama Baba. Alimtazama mjomba anayevaa kofia yake taratibu. Akageuza shingo akamtafuta Shangazi Tekla gizani, akampata. Kisha, naapa kwa mboni ya jicho langu, Mama akainama akausugua mshumaa kisogoni, akampa Damiani aendelee.

Kuanzia hapo kijana alifanya kila kitu bila kosa. Utambi akaupunguza kwa ukucha. Akadondosha nta, akabandika, akamimina maji. Bakuli akalisogeza mbali na pazia, kioo akakiuliza kiko wapi, akakisimamisha nyuma. Chumba kikapata mwanga mzuri, mjomba akasifu, tukala. Wakati wa kuondoka Mama akamwambia auzime, na yeye akaomba kikombe cha bati kabla hajaonyeshwa kilipo. Oliva, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi pia nilidhani tumeshinda.

Tulisahau kwamba Mama ni mwalimu. Mwalimu wa miaka yote ile, aliyesahihisha madaftari ya watoto wanaokaa dawati moja, anajua kwamba anayenakili hunakili na kosa. Akawasindikiza wageni mpaka barazani. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitenge chake, kwa hiyo nilisikia. Baba na mjomba walikuwa wametangulia wanaagana kwa kirefu kama kawaida ya wazee. Mama akamsimamisha Damiani. Hakupandisha sauti, na sisi wanawe tulijua asipopandisha sauti ndiyo hatari.

"Baba, wewe umenakili majibu."

Nyuma ya mlango birika lilitikisika. Damiani hakutafuta pa kukimbilia. Akasema ndiyo Mama, alifundishwa, alitaka kumpata Oliva na hakujua njia nyingine. Hakumtaja Shangazi. Niliona Mama anajiandaa kusema lile neno ambalo lingempeleka dada yangu utawani. Kijana akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ili wazee wasisikie:

"Mama, ile meni swichi yenu imelegea. Nilisikia ilivyolia ulipoizima. Kesho nije niikaze?"

Nikageuka kutazama barabarani. Taa ya Bi Somoe ilikuwa inawaka. Redio yake ilikuwa inaimba. Nyumba zote, mpaka kona, zilikuwa zinawaka, ila yetu tu. Ule mwanga uliopenya kwenye pazia letu ulikuwa wa Bi Somoe! Mama ndiye aliyeuzima umeme kwa mkono wake, kwenye ile swichi kubwa ya nyumba nzima, na fundi umeme alijua tangu sekunde ya kwanza. Alijua, akakaa gizani. Alijua, akausugua mshumaa kisogoni. Angeweza kusimama akasema umeme upo jamani, akaonekana bingwa mbele ya mjomba wake, na Mama akaaibika nyumbani kwake mwenyewe.

Nilihisi mkono wa Mama unanishika kichwa.

"Njoo mchana," akasema. "Utakula hapa."

Mnaojua lugha ya mama zetu mnajua kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu la posa. Hakungoja mshenga, hakungoja barua. Damiani akasema ahsante Mama, akamfuata mjomba wake. Mama akasubiri mpaka walipofika mbali ndipo akaingia kuinyanyua swichi. Nyumba ikawaka yote kwa mpigo. Mjomba akageuka kushangaa, nikamwona Damiani anamshika mkono na kumgeuza mbele, wakaendelea kutembea. Yeye hakugeuka hata mara moja. Ndani, Mama na Shangazi Tekla walikuwa wamekaa sakafuni wanacheka huku wameshikana mabega, na Oliva anawauliza kwa kilio, amesemaje, amesemaje jamani, niambieni.

Siku hizi Mtwara imebadilika. Gesi inatoka kwetu hapohapo, inasafishwa Madimba, inasafiri kwenda kuwaka Dar es Salaam, na sisi tukikatikiwa tunatazamana. Lakini giza lenyewe siyo giza tena. Umeme ukienda, vijana wanaandika kwenye kundi, "Kwenu upo?" na kabla hujavaa ndala mmeshajibiwa na watu wa Ligula na Shangani. Kila mtoto ana mwanga wake mfukoni, anaingia nao chumbani kwake, anafunga mlango. Hakuna anayehitaji kukaa karibu na mwenzake ili aone. Nyumba haiungui, hilo namshukuru Mungu kwa dhati. Lakini tukiwa likizoni kwa Mama, naona sebule tupu saa mbili ya usiku, nasikia uchungu ambao siwezi kuwaeleza wakanielewa.

Shangazi Tekla alishatutoka, na hatukumzika gizani. Mama yupo, anatembea kwa fimbo, akili zake zinakata kuliko za kwangu. Damiani ameota mvi. Na mwaka jana binti yake na Oliva, Neema, alimleta kijana wake nyumbani kwa bibi ajitambulishe. Kijana safi, ndevu zimechongwa, shikamoo anazitoa vizuri, hana neno. Tukakaa sebuleni, tukala, umeme unawaka. Nikanyanyuka kwenda jikoni kuchukua maji, na kwenye ukumbi nikamkuta shemeji yangu Damiani amesimama, mkono wake uko kwenye meni swichi. Nyuma yake Mama, ameegemea fimbo, anamhimiza kwa kidevu. Wakaniona. Nikapita kama sikuona kitu.

Pu, giza.

Nikarudi ukumbini kuchungulia. Lakini hata nusu ya "Aaaah" haikutoka, sebule ikawa nyeupe kwa simu ya yule kijana. Akasogea dirishani, akafunua pazia, akasema kwa uchangamfu mkubwa wa mtu anayetaka kusaidia kwamba majirani wanao umeme, kwa hiyo itakuwa meni swichi tu, kaeni wazee wangu, mimi naiwasha. Na akaja. Akatembea moja kwa moja hadi ukumbini na tochi yake, akammulika baba mkwe wake mtarajiwa, mkono ungali kwenye swichi, na bibi wa mchumba wake ameduwaa pembeni.

"Ah, baba umeshafika," akasema. "Inyanyue tu juu."

Damiani akainyanyua. Kijana akarudi kuketi, ameridhika, na kwa kweli hakuwa na kosa lolote. Alisema kweli tupu, na alisaidia. Sisi watatu tukabaki ukumbini tukitazamana chini ya ile taa, Damiani akamwinamia Mama akamuuliza kwa sauti ya chini, vipi, tunasemaje?

Mama alitafakari. Kwa mbali Neema alikuwa anacheka na kijana wake, kicheko cha mtu aliyependa.

"Mwacheni aoe," akasema. "Kwani mshumaa wenyewe tungeutoa wapi?"